Sabuni Isiyopimwa

Maandiko ya kusoma: Yeremia 2:22, Malaki 3:2–3, Walawi 6:1–5, Yakobo 5:16

Mliokuwa ibadani Jumapili iliyopita mtakumbuka kwamba nilipanda madhabahuni nikiwa na vitu viwili mkononi: Biblia, na kipande cha sabuni chenye rangi ya maziwa. Wengine mlicheka. Ndugu mmoja wa viti vya nyuma akasema, "Leo pasta ametuletea biashara." Hapana, sikuja kuuza. Nilikuja kuungama. Kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo, na hata waliokuwepo lakini mvua ikapiga mabati wakakosa nusu ya mahubiri, wacha niyaweke hapa kwa utaratibu.

Nilivyoanza

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kuingia katika huduma nilisomea biashara chuoni. Mtu aliyesomea biashara ana ugonjwa mmoja: kila anachokiona anakipigia hesabu. Akila mandazi hotelini anauliza kilo moja ya unga inatoa mangapi. Basi mwaka jana nilitazama sabuni inayotumika nyumbani kwetu, sisi na watoto wawili wanaocheza kwenye tope, nikajiambia, si hii ninaweza kujitengenezea? Sikuwa na nia ya kufungua duka. Jumatatu ndiyo siku yangu ya kupumzika. Wachungaji wengine hufuga kuku, wengine hutazama mpira. Mimi nikaanza sabuni.

Tena nilidhani ni kazi ya damu. Nyanya yangu, kule Vihiga, alikuwa akichoma maganda makavu ya maharagwe, anaweka majivu kwenye chombo chenye matundu, anamwagia maji, na yale maji yanayodondoka chini anapikia mboga. Maji hayo yanateleza kidoleni. Nilipokuwa mdogo sikujua kwa nini. Kumbe maji ya majivu ni ndugu wa magadi, yale magadi tunayolainishia githeri, yanayochotwa katika Ziwa Magadi kule Kajiado. Na tangu zamani watu walichemsha maji ya majivu pamoja na mafuta, wakapata sabuni. Siku hizi wanaotengeneza sabuni ya kipande nyumbani hutumia kostiki soda, ambayo ni kali kuliko majivu mara nyingi.

Nataka mwelewe jinsi sabuni inavyofanyika, kwa sababu mahubiri yote yamesimama hapo. Unachukua mafuta, tuseme ya nazi. Unachukua kostiki, unaiyeyusha ndani ya maji. Mafuta peke yake hayatakati nguo, yanaichafua. Kostiki peke yake inakula ngozi mpaka nyama. Lakini ukivichanganya kwa kipimo sahihi, ukakoroga mpaka vikawa vizito kama uji, halafu ukaviacha, vinashikana na kugeuka kitu cha tatu. Kostiki haipo tena. Mafuta hayapo tena. Kuna sabuni, na pembeni yake gliserini, ile inayolainisha mikono. Mungu wetu ni wa ajabu, au sivyo?

Makosa niliyoyatangaza

Sasa, sikujifunza haya kwa siku moja. Sabuni ya kwanza niliifanyia ndani ya sufuria ya ugali ya mke wangu, sufuria ya alumini kama zilizo nyumbani kwako. Sikujua kwamba kostiki na alumini ni maadui. Nilipomimina tu, kitu kikaanza kuchemka bila moto, povu likapanda, likawa la kijivu, na harufu ikatutoa jikoni sote. Hewa inayotoka pale ni hidrojeni, nayo hushika moto. Namshukuru Mungu jiko lilikuwa limezimwa. Sufuria ilitoboka. Mke wangu aliitazama, akanitazama, akasema, "Baba, hiyo ni sufuria ya harusi."

Sabuni ya pili nilikoroga kwa mwiko dakika kumi, mkono ukachoka, nikaimimina kwenye kasha kabla haijawa nzito. Asubuhi nikakuta mafuta juu, maji makali chini. Hazikushikana.

Sabuni ya tatu niliipima kwa kikombe. Kikombe! Wanaoijua kazi hii watakuambia kila kitu kinapimwa kwa mizani, hata maji, kwa gramu. Kikombe cha kostiki leo si sawa na kikombe cha kostiki kesho, kwa sababu chembe zinajipanga tofauti. Ile ilikuwa laini kama siagi na haikutoa povu.

Siku nyingine tone la maji ya kostiki likaniruka juu ya kifundo cha mkono. Nilikuwa nimevaa glavu fupi. Niliuweka mkono chini ya mfereji robo saa nzima. Alama iko, mliiona Jumapili. (Na tukiwa hapo: ukijaribu kazi hii, mwagia kostiki kwenye maji, usimwagie maji kwenye kostiki, inaweza kukurukia usoni. Vaa miwani. Watoto wawe mbali. Ikikugusa, ni maji mengi yanayotiririka, si siki.)

Sabuni ya nne ikafaulu. Nilikuwa nimenunua mizani ndogo na sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 183 hivi za kostiki ili mafuta yote yageuke. Unapunguza kidogo, kama asilimia 5, ili yabaki mafuta ya ziada na kostiki yote iishe kabisa. Kwa hiyo unaweka gramu 174. Nilifanya hivyo. Nikaikata kesho yake, nikaipanga kwenye rafu, nikasubiri wiki nne ikauke. Ilitoa povu kama wingu. Nilienda ofisini kwa mchungaji kiongozi na kipande mfukoni kama mtoto aliyepata alama nzuri.

Makosa hayo yote mliyasikia zamani. Niliyasimulia hapa kanisani, tukacheka pamoja. Mpendwa, kuna makosa ambayo tunapenda kuyatoa kama ushuhuda, kwa sababu yanatuchekesha na yanatufanya tuonekane wanyenyekevu. Sufuria iliyotoboka haimwaibishi mtu. Kosa ninalotaka kukuambia leo sikulitangaza. Nililifunika.

Kosa nililolificha

Baada ya kufaulu, watu wakaanza kuniomba. "Pasta, na mimi?" Nikaahidi kwamba katika mkutano wa akina mama nitaleta vipande vya kutosha. Kwa hiyo ilibidi nifanye kilo mbili za mafuta kwa mara moja. Nilipoenda sokoni, bei ya mafuta ya nazi ilikuwa imepanda. Yule mtu wa hesabu akaamka ndani yangu. Nikasema, wacha ninunue kilo moja ya nazi, na kilo moja ya alizeti ambayo ni rahisi. Nani atajua?

Nikarudi nyumbani. Nikafungua daftari, nikatazama hesabu yangu ya zamani ya nazi tupu: kilo mbili, kostiki gramu 348. Nikapima 348, nikaendelea.

Wanaojua wameshaona tatizo. Alizeti haihitaji kostiki sawa na nazi. Kilo moja ya alizeti inatosheka na gramu 135 hivi. Jumlisha na 183 za nazi, unapata 318. Mimi niliweka 348. Gramu 30 zilibaki ndani ya ile sabuni bila mafuta ya kuzishika. Hazikuwa na mahali pa kwenda isipokuwa kwenye mikono ya mtu.

Na sabuni yenyewe ilinionya, wapendwa. Ilikuwa ngumu kupita kiasi, kisu kikipita inapasuka na kumeguka. Juu yake ikafanya unga mweupe. Wakati mwingine unga kama huo hauna neno, ni hewa tu imegusa juu. Lakini kuna njia ya kujua: unagusisha ncha ya ulimi kidogo tu. Ukipigwa kama umelamba betri, kuna kostiki iliyobaki. Niliijua njia hiyo. Sikuifanya. Unajua kwa nini sikuifanya? Kwa sababu nilijua jibu. Na mkutano ulikuwa umebaki siku nane.

Nilichukua kisu, nikaukwangua ule unga mweupe, nikapangusa kila kipande kwa kitambaa, nikakifunga kwa karatasi ya rangi. Vilipendeza. Vilipendeza kuliko vile vizuri vya kwanza.

Wengi walivipeleka nyumbani wakaviweka kwenye kabati kama zawadi. Lakini mama mmoja hakuwa na nafasi ya kuweka sabuni kabatini. Huyu mama ni mjane, na kazi yake ni kufua nguo katika nyumba za watu hapa Nakuru, nyumba hii leo, nyumba ile kesho, kila siku shilingi 500 akibahatika. Mikono yake ndiyo shamba lake, ndiyo duka lake. Yeye alikitumia kile kipande siku iliyofuata. Akakitumia na siku ya pili.

Wiki hiyo, katika kesha la Ijumaa, tulipowaita wagonjwa mbele, alikuja akiwa amefunga mikono yote miwili kwa kitambaa. Alipofungua, ngozi ilikuwa nyekundu, imepasuka kwenye vifundo vya vidole, mahali pengine imetoka kabisa. Mmoja wetu akasema haya si ya kawaida, ni vita vya adui dhidi ya kazi ya mikono yake. Watu wakaitikia. Na mimi ndiye niliyekuwa na kipaza sauti.

Mimi nilijua. Nilipoona ile mikono nilijua papo hapo, jinsi unavyojua sauti ya mtoto wako akilia katikati ya watoto wengine. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake. Nikakemea. Nikaamuru roho ya magonjwa ya ngozi iondoke. Nikataja mashariki na magharibi. Kanisa likasema amina. Nikarudi kwenye kiti changu nikiwa nimelowa jasho, na watu wakadhani ni upako.

Wiki tatu sikusema kitu.

Swali la usiku

Katika wiki hizo nilikuwa nikiandaa somo kutoka kitabu cha Malaki, sura ya tatu. Pale nabii anauliza ni nani atakayestahimili siku ya kuja kwake Bwana, na anamfananisha Bwana na vitu viwili: moto wa yule anayesafisha fedha, na sabuni ya wale wanaofua nguo. Nilifurahi. Nilisema, hapa nina mfano wangu mwenyewe, nitahubiri kama mtu mwenye uzoefu.

Nikafuatilia. Neno la Kiebrania linalotafsiriwa sabuni pale ni *borith*, na katika Biblia nzima ya Kiebrania linaonekana mara mbili tu. Hapo Malaki, na katika Yeremia 2:22. Haikuwa sabuni ya kipande kama yetu. Ilikuwa dawa kali ya kufulia iliyotokana na majivu ya mimea, karibu na yale maji ya nyanya yangu. Nikafungua Yeremia. Na pale Mungu anawaambia watu wake jambo lingine kabisa: kwamba hata wakijiosha kwa magadi na kujilimbikizia sabuni nyingi, doa la uovu wao bado liko mbele zake.

Nilikaa na mistari hiyo miwili mezani. Katika Malaki sabuni iko mkononi mwa Bwana, na inasafisha. Katika Yeremia sabuni iko mkononi mwa mwenye dhambi, na haisafishi kitu. Sabuni ni moja. Kinachotofautisha ni mkono unaosugua. Nami nilikuwa mtu wa Yeremia. Nilikuwa nimekwangua unga mweupe, nikafunga kwa karatasi ya rangi, nikanyunyizia maombi juu yake.

Usiku huo mke wangu aliniuliza swali moja. Hakuinua sauti. "Ile sabuni aliyotumia mama yule, uliipima?"

Nilianza kumweleza habari za bei ya mafuta ya nazi. Akasema, "Sikukuuliza bei."

Nyumbani kwa mama

Jumamosi asubuhi nilienda. Lakini kabla ya kwenda nilisoma Walawi sura ya sita, kwa sababu mtu wa hesabu naye alihitaji kuokoka. Pale Mungu anasema mtu aliyemdhulumu jirani yake arudishe kitu kizima, na juu yake aongeze sehemu ya tano, amkabidhi mwenyewe siku ile anapoleta sadaka ya hatia. Tazameni utaratibu huo. Si sadaka badala ya kulipa. Ni kulipa na sadaka. Niliuliza watu wa ushirika wao, nikajua amekosa kazi siku 11. Mara 500 ni shilingi 5,500. Sehemu ya tano yake ni 1,100. Nikaweka 6,600 kwenye bahasha.

Alinikaribisha, akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Mikono ilikuwa imeanza kupona, ngozi mpya nyororo. Nilikuwa nimeandaa maneno. Yakapotea. Nikasema, "Mama, sikupima ile sabuni vizuri. Niliona ina kasoro, nikaificha. Mikono yako niliichoma mimi. Na siku ile ya kesha nilijua."

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikasikia redio ya jirani. Halafu akasema, "Pasta, mimi nilijua tangu siku ya pili. Nimefua nguo miaka ishirini. Sabuni inayouma naijua."

Akainama, akatoa mkebe chini ya kitanda. Ndani yake kulikuwa na kile kipande, na vingine vitatu. Alikuwa amezunguka kwa akina mama wenzake, akawaambia wampe, kwamba ameipenda sana. Aliwaokoa na mimi, bila kunitaja.

Nikamwuliza, "Mbona hukusema?"

Akasema, "Ningesema wapi? Wewe ndiye ulikuwa na kipaza sauti. Nilikuwa nikikungoja. Lakini nikuambie ukweli, kijana wangu, siku ile ulipokuwa ukikemea, kanisa lote lilisema amina. Mimi sikusema."

Wapendwa, nimehubiriwa na watu wakubwa. Sijawahi kuhubiriwa hivyo.

Nilimpa bahasha. Alizihesabu zile pesa mbele yangu, noti kwa noti, na sikuona vibaya, kwa sababu ni haki yake. Akasema amenisamehe. Kisha akaongeza, "Lakini usiniambie nisahau haraka. Hii mikono bado inauma nikishika maji baridi. Na siku nyingine ukitengeneza sabuni, kwanza oga nayo wewe."

Ameniruhusu kuyasema haya madhabahuni na kuyaandika hapa, bila jina lake. Mchungaji kiongozi pia nilimweleza kila kitu kabla ya Jumapili. Alinitoa kwenye zamu ya kuombea wagonjwa kwa miezi miwili, na nimekubali.

Sasa wewe na mimi tujifunze nini? Nina mambo matatu.

Jambo la kwanza: kipimo ni ibada

Mithali 11:1 inasema habari ya mizani ya udanganyifu na jinsi Bwana anavyoichukia. Tumezoea kuihubiria wauza viazi na watu wa petroli. Lakini mimi mizani yangu ilikuwa nzima, ya dijitali, inasoma mpaka gramu moja. Haikudanganya. Niliipa hesabu ya kitu kingine. Nilibadilisha mafuta, sikubadilisha kipimo.

Mpendwa, ndivyo tunavyofanya. Unamlea mtoto wa pili kwa kipimo cha wa kwanza, na hawa ni watu wawili tofauti, ukali uliomnyoosha mmoja unamchoma mwenzake. Unamwambia mfiwa neno ulilomwambia mtu aliyekosa kazi. Neno ni la kweli, lakini kwa moyo ulio mbele yako ni gramu 30 za ziada. Kabla ya kumwaga ukali wako, uliza: hapa kuna mafuta kiasi gani ya kuupokea? Ukweli unaopita upendo ulioko hauishii hewani. Unaishia kwenye ngozi ya mtu.

Jambo la pili: usimwombee mtu unayepaswa kumwomba msamaha

Kiswahili chetu kina utajiri. Kuomba, na kuombea. Mimi nilitakiwa kumwomba, nikamwombea. Nilikimbilia kwa Mungu nimpite mtu.

Someni Yakobo 5:16 kwa makini. Tunapenda mwisho wa mstari ule, nguvu ya maombi ya mwenye haki. Lakini unaanzia wapi? Unaanza kwa kuungamiana dhambi ninyi kwa ninyi, ndipo kuombeana, ndipo kuponywa. Mimi niliruka hatua ya kwanza nikaenda ya pili kwa sauti kubwa. Na Yesu mwenyewe, katika Mathayo 5:23–24, anasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako pale pale, nenda kwanza ukapatane naye. Hakusema maliza ibada kwanza.

Hebu nikuulize, na usinijibu mimi. Kuna mfanyakazi wa nyumbani kwako ambaye unamwombea "Mungu amfungulie milango", na mshahara wake wa mwezi uliopita uko mfukoni mwako? Kuna mweka hazina wa chama anayeomba Mungu awainue wanachama, na anajua pesa zao zilikoenda? Kuna baba anayefunga na kuomba kwa sababu ya hasira ya kijana wake, na ni yeye aliyemchapa mbele ya marafiki zake, hajawahi kusema samahani? Tusimtupie shetani kazi ya mikono yetu. Shetani ana dhambi zake za kutosha.

Jambo la tatu: kilichoharibika kinaweza kurudi jikoni

Baada ya kutoka kwa mama, nilizunguka nikakusanya vipande vyote vilivyobaki. Nilikuwa nimeamua kuvizika. Kisha nikakumbuka kwamba sabuni iliyozidi kostiki si lazima itupwe. Unavaa glavu, unaikwaruza yote kwa kikwaruzo iwe kama karoti za kachumbari, unairudisha kwenye sufuria na maji kidogo, unaipasha kwa moto mdogo, unaongeza mafuta ambayo yangekuwemo tangu mwanzo. Unakoroga kwa saa kadhaa. Ile kostiki iliyokuwa peke yake inapata mahali pa kushika. Haitoki nzuri sana. Ni ya mabonde, ina madoa. Lakini haichomi tena.

Mpendwa uliyevunjika, uliyemwumiza mtu na unadhani habari yako imekwisha: Bwana wa Malaki ni msafishaji. Nabii anasema anaketi akisafisha. Anaketi, maana yake hana haraka na hajakukimbia. Lakini usidanganyike, atakukwaruza. Ile sura nzuri uliyoikwangua na kuipamba haitabaki. Mimi zamu yangu ya maombi imeondolewa, na watu wananitazama tofauti kidogo, na mtoto wangu mkubwa aliniuliza kwa nini nilimchoma yule mama. Hayo ni kikwaruzo. Na ndani yake nimelala usingizi ambao sikuwa nao kwa wiki tatu.

Kitu cha mwisho kuhusu sabuni. Maji peke yake hayaondoi mafuta kwenye sahani, mnajua, yanapita juu. Chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja inashika mafuta, nyingine inashika maji. Inashika uchafu kwa upande mmoja na usafi kwa upande wa pili, bila kuachia, mpaka vyote viende pamoja na sahani ibaki safi. Mfano wowote una mpaka wake. Lakini ninapoosha vyombo siku hizi nakumbuka kwamba tunaye mmoja tu aliye mpatanishi, 1 Timotheo 2:5, aliyenyoosha mkono mmoja kwa Mungu mtakatifu na mkono mwingine akanishika mimi nilivyo, na hakuachia hata pale iliposhikwa misumari. Hakunishika nikiwa nimefungwa kwa karatasi ya rangi.

Bado natengeneza sabuni. Jumatatu iliyopita nilifanya nyingine, hesabu mpya, kila mafuta na kipimo chake, na mke wangu akasoma mizani pamoja nami. Itakaa rafuni wiki nne. Halafu nitaoga nayo mimi wiki nzima, kama nilivyoagizwa. Baada ya hapo, kipande cha kwanza nitampelekea mama. Atakitumia au hatakitumia, hiyo ni hiari yake.

Tuombe

Bwana Yesu, wewe unaona chini ya karatasi ya rangi. Tupe ujasiri wa kwenda kwa mtu kabla ya kuja kwako na maneno mengi. Tukumbushe majina, nyumba, na hata kiasi cha pesa. Waponye wale tuliowachoma, na usituache tukijiita waponyaji wao. Tukwaruze, lakini usitutupe. Katika jina lako, amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Soma Yeremia 2:22 na Malaki 3:2–3. Sabuni iko mkononi mwa nani katika kila andiko?
2. Ni kosa gani unalopenda kulisimulia, na ni lipi linalofichwa nyuma yake? (Si lazima ujibu mbele ya wote.)
3. Kabla ya Jumapili, nenda kwa mtu mmoja. Kama unadaiwa kitu kinachohesabika, kipeleke, na uongeze sehemu ya tano.